Ramani ya Mawazo: Wakazi Wanapoongoza Utafiti wa Afya

Mtafiti wa afya anapofika Mbita au Ndhiwa, mara nyingi huja na dodoso lililokwisha kuandikwa. Mkazi hujibu, mtafiti huondoka, na pengine swali lililo muhimu zaidi kwa mkazi huyo halikuulizwa kabisa. Ipo njia nyingine, ramani ya mawazo, iliyobuniwa na William Trochim wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, katika miaka ya 1980.

Ramani hii haina barabara wala mito. Huanza na sentensi moja isiyokamilika. Chukua mfano wa VVU: utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikadiria kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.9. Sentensi inaweza kuwa, "Mvuvi huacha dawa za ARV kwa sababu..." Wavuvi, wauza samaki, wazee na wahudumu wa afya ya jamii huimalizia kila mmoja anavyoona. Amehamia ufuo mwingine akifuata omena. Kliniki hufunguliwa akiwa amelala baada ya kuvua usiku kucha. Mkewe hajui hali yake. Anaamini ni chira.

Kila jibu huandikwa kwenye kadi yake, kisha kila mshiriki hupanga kadi zote katika mafungu, peke yake, jinsi anavyoona zinahusiana. Muuguzi anaweza kuiweka kadi ya chira pamoja na "hajaelimishwa". Mzee naye akaiweka na "anaogopa jamaa zake", kwa kuwa kwake chira ni habari ya miiko na ukoo. Dodoso la ndiyo na la lisingeonyesha tofauti hiyo, na ushauri unaomfaa mvuvi huyo hutegemea hapo hapo.

Washiriki pia huipa kila kadi alama 1 hadi 5, kwanza kwa uzito wake, pili kwa urahisi wa kutekelezwa. Kompyuta hufanya hesabu tu: kadi zilizowekwa pamoja na watu wengi hukaa karibu kwenye ramani, nyingine hukaa mbali. Kisha wakazi huitwa tena ili wayape makundi majina na kueleza maana yake. Mtafiti mwenye haraka huiruka hatua hii, na akiiruka amebaki na dodoso lenye picha.

Asiyejua kusoma husomewa kadi kwa Dholuo. Gumu zaidi ni kwamba mwanamke anayeuza samaki huenda asiseme lolote mbele ya mwenye mashua, hivyo vikao vya wanawake ni heri viwe peke yake.

Kushiriki ni kwa hiari. Kabla ya kuanza, mkazi anaweza kudai aonyeshwe leseni ya NACOSTI na idhini ya kamati ya maadili, na aulize ramani italetwa kijijini lini.