Pikapu ya vizibo vya soda: kichezeo kinachostahili kutunzwa

WATOTO huiga kile kinachopita mbele ya macho yao. Katika Kata ya Lusu, wilayani Nzega, mkoani Tabora, kilichopita kwa miaka mingi ni pikapu.

Kata hii ndiko uliko uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, ulioendeshwa na kampuni ya Resolute ya Australia. Ulianza kuzalisha mwaka 1998, ukiwa mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa wa dhahabu nchini tangu Uhuru, na ulifanya kazi kwa takribani miaka 15. Mgodi umefungwa, lakini pikapu hazijakoma. Zinabeba mbolea, magunia ya mpunga, wagonjwa, na waombolezaji wanaokwenda msibani.

Mkoa wa Tabora umezoea kupitiwa na mizigo. Katika karne ya 19 mji wa Tabora ulikuwa makutano ya misafara. Njia moja ilikwenda Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora. Leo mzigo wa kijijini unapanda pikapu, na mtoto anayeitazama ikipita anatafuta boksi, waya na vizibo ili aunde ya kwake.

Ana kabini, bodi ya mizigo na bampa, na mwingine hakosi kuweka ule mkonga wa kuvutia hewa unaopanda pembeni mwa kioo cha mbele. Anaifunga kamba, anaivuta wiki mbili. Kisha mvua inainyeshea au mtu anafagia uwanja, na pikapu inaishia kwenye moto wa takataka.

Hapo ndipo familia inapopoteza kitu bila kujua. Boksi lenyewe halina thamani, lakini vipimo, mikunjo na mbinu alizozigundua mtoto vimeungua pamoja nalo. Mdogo wake atakapotaka gari, ataanza upya kabisa.

Viwandani hawatupi kalibu

Kuna watu wazima duniani wanaofanya kazi hiyohiyo ya mtoto wa Lusu, tena kwa gharama kubwa. Hununua boksi lenye vipande vya plastiki vya gari dogo, wakavikata, wakavipaka rangi na kuviunganisha kwa gundi. Wengine huyakusanya mabosi hayo bila hata kuyafungua.

Miongoni mwa kampuni zinazojulikana sana kwa vifaa hivyo ni Tamiya ya mjini Shizuoka, Japani. Ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ikageukia vichezeo vya mbao na baadaye plastiki. Mwaka 1985 ilitoa pikapu ya kuendeshwa kwa rimoti iliyoitwa Bruiser, yenye umbo la Toyota Hilux, chasisi ya chuma na giaboksi ya gia tatu. Uzalishaji ulipokoma, waliokuwa nayo waliishika kama lulu na waliokuwa hawana wakaisaka kwa miaka. Mwaka 2012 kampuni hiyo iliitoa upya.

Toleo la namna hiyo huwezekana pale kiwanda kinapotunza michoro yake na kalibu, yaani lile umbo la chuma ambamo plastiki ya moto humiminwa ili igande. Kalibu ikiwepo, gari la miaka 30 iliyopita linaweza kuzaliwa tena, likaongezewa taa mpya au kubadilishiwa rangi. Kalibu ikipotea, mafundi hulazimika kutafuta gari la zamani lililosalia, walipime kipande kwa kipande na kuanza kuchonga upya.

Hata magari ya kweli hurudishwa. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizotoka mwaka 1984, ziliacha kuuzwa nchini Japani mwaka 2004. Mwaka 2014 Toyota ilizirudisha huko kwa muda, pikapu ikiwemo, kuadhimisha miaka 30 tangu zitoke.

Fundi cherehani wa kijijini analijua jambo hili vizuri. Anapopata mshono uliokaa vyema, huukatia kielelezo cha karatasi na kukitunza. Gauni litachakaa, lakini kielelezo kitatoa gauni jingine.

Kizibo kinavyopanga ukubwa wa gari

Mzazi anayetaka kumsaidia mtoto anaweza kuanza na kizibo cha bati cha soda ya chupa. Kina upana wa takribani sentimita 3.2. Tairi la Hilux ya kisasa lina kimo cha sentimita 77 hivi. Ukigawanya 77 kwa 3.2 unapata 24. Maana yake, kizibo ni tairi lililopunguzwa mara 24, na gari zima likipunguzwa kwa kiasi hichohicho litapendeza.

Kipimo hicho cha 1 kwa 24 ndicho viwanda vingi vya Japani hutumia kwa magari madogo ya kuunganisha. Mtoto aliyeokota vizibo nje ya duka amekutana nacho bila kufundishwa.

Hilux ya milango minne ina urefu wa takribani sentimita 530, upana 185 na kimo 180. Kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma ni sentimita 308 hivi. Ukigawanya kila namba kwa 24, gari la boksi litakuwa na urefu wa sentimita 22, upana 7.7, kimo 7.5, na matairi yatapishana kwa sentimita 12.8.

Anayetaka gari kubwa zaidi atumie ndala zilizochakaa. Duara la sentimita 7.7 linalokatwa kwenye ndala ni tairi lililopunguzwa mara 10, na gari lake litakuwa na urefu wa sentimita 53. Hapa hesabu ni rahisi hata kwa mtoto mdogo: ni kusogeza nukta tu.

Zoezi zuri zaidi ni kupima gari lenyewe. Pikapu ya jirani ikiwa imeegeshwa na injini imezimwa, mzazi amwombe mwenyewe ruhusa, kisha yeye na mtoto wapime kwa futi kamba. Mtoto aandike namba, akagawanye nyumbani. Kugawanya kwa desimali, ambako darasani humchosha, hapa kuna jibu analoliona: akikosea, kabini inazidi bodi na gari linakuwa kama chura.

Kutunza kielelezo

Gari likikamilika na kupendwa, lisiachwe liharibike kabla ya kunakiliwa. Kazi yenyewe haizidi saa moja.

Kila upande wa gari ulazwe juu ya karatasi ngumu na kuzungushiwa penseli: ubavu, paa, sakafu, bodi ya mizigo na mlango wa nyuma. Mahali pa kukunja pachorwe mstari wa nukta, mahali pa kukata mstari mzima. Matundu ya kupitishia ekseli yawekwe alama, kwa kuwa yakipinda kidogo tu gari huenda upande.

Kisha kwenye kila kipande yaandikwe mambo manne: jina la mtoto, tarehe, kipimo kama 1 kwa 24, na vifaa vilivyotumika. Kwa mfano, ekseli ni spoku ya baiskeli au kijiti cha mshikaki, gundi ni uji mzito wa unga. Vipande vyote viingizwe kwenye bahasha na kuwekwa pale zinapokaa kadi za kliniki na vyeti, mbali na mchwa na mvua.

Mwenye simu anaweza pia kupiga picha ya kila kipande kikiwa kimelazwa kando ya rula. Simu ikipotea bahasha ipo, bahasha ikiloa picha ipo.

Likizo inayofuata, mdogo mtu akitaka pikapu, apewe bahasha. Atengeneze toleo la pili, na aruhusiwe kulibadilisha: aongeze turubai, keria au mkonga. Mabadiliko yake nayo yachorwe. Baada ya miaka michache nyumba itakuwa na matoleo kadhaa ya gari moja, kila moja na jina la aliyelitengeneza. Binti naye apewe boksi na mkasi kama kaka yake. Kupima na kukunja hakujui mvulana wala msichana.

Vifaa visivyofaa

Katika mkoa unaolima tumbaku na pamba, na wenye wachimbaji wadogo wa dhahabu, mzazi asikubali kila takataka iwe kichezeo.

Makopo na chupa za viuatilifu visitumike hata vikioshwa mara ngapi. Sumu hubaki kwenye plastiki, na mtoto hutia vidole mdomoni. Vivyo hivyo kwa chombo chochote kilichobeba zebaki, na kwa betri kuukuu za gari ambazo zina risasi na asidi. Mtoto asitumwe wala kuachwa aende kuokota waya na vyuma kwenye mashimo ya machimbo. Mashimo hayo hubomoka.

Bati likatwe na mtu mzima, na kingo zake zikunjwe au zigongwe zilale. Ncha ya waya ipindwe iwe kitanzi. Tundu la kizibo litobolewe juu ya ubao kwa msumari, mzazi akiwa pembeni. Mtoto akichomwa na chuma chenye kutu, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha afikishwe kituo cha afya kwa ajili ya kinga ya pepopunda. Asisubiri lianze kuuma.

Muda wa mtoto

Baadhi ya wazazi huona magari ya boksi yanamtoa mtoto kwenye masomo, na ni kweli kwamba mchezo usio na mpaka hula muda wa kazi za shule. Dawa yake ni kupanga: madaftari kwanza, boksi baadaye, na mwisho wa wiki muda mrefu zaidi. Mtoto anayesoma mchoro wake mwenyewe na kuufuata mpaka gari litembee anajizoeza kazi ambayo fundi wa kuchomelea na fundi magari huifanya kila siku.

Gari la dukani la betri likivunjika gurudumu, mara nyingi huo ndio mwisho wake, kwa kuwa hakuna nyumbani anayejua lilivyoundwa. La boksi likivunjika, aliyeliunda yupo. Na kama bahasha ipo, hata akikua na kuhamia mjini, pikapu yake itaendelea kuvutwa uwanjani na watoto waliozaliwa nyuma yake.