Watoto wetu wafanane na nani?

Uliza mtoto wa Rubaya ao wa Ndjingala: ukikomaa, unataka kuwa nani? Wengi watakujibu: mwenye bunduki, ao mnunuzi wa koltani mwenye jipe. Si kosa lao. Mtoto anachagua kati ya watu anaowaona, na hapa Masisi na Walikale njo hao wanapita mbele yake kila siku.

Sisi wa sendika tunapigania bei, usalama wa mashimo, na watoto watoke mu karyeri. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10/01/2009 inakataza kazi za hatari kwa watoto. Lakini kumutoa mtoto mu shimo haitoshi kama hana mtu mwingine wa kufuata. Hapo njo vitabu vinasaidia, zaidi vile vinavyosimulia watu wa kweli.

Kiko kitabu kidogo cha picha cha Nicola Rijsdijk juu ya Wangari Maathai. Kilitengenezwa Afrika ya Kusini, katika mradi wa Book Dash, na kwa Kiswahili kinaitwa Mbegu Ndogo. Kinapatikana mu intaneti, kwenye maktaba ya African Storybook. Kukichapa na kukigawa ni ruhusa, bila kulipa.

Wangari alizaliwa Nyeri, Kenya, mwaka 1940. Mwaka 1977 alianza kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, na ikapita milioni 30. Mwaka 2004 akapewa tuzo la Nobeli la Amani. Mtoto anayelala chini ya kilima kilichochimbwa ataelewa upesi: kilima kikikosa mizizi, mvua inakishusha juu ya nyumba. Kwetu, kupanda mti ni kumuhurumia jirani.

Tuko na mwingine wa karibu zaidi. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alifanya kazi OCC, akipima ubora wa vyakula vinavyoingia. Saa za nje ya kazi alikaa na watoto wa barabarani, pamoja na wenzake wa Sant'Egidio. Walimuletea makuta apitishe chakula kilichoharibika, akakataa. Mwezi wa saba 2007 wakamuua, akiwa na miaka 26. Tarehe 15/06/2025, Kanisa Katolika lilimutangaza mwenye heri kule Roma. Hadithi hii tungependa kuiona mikononi mwa kila mtoto, Mkatoliki ao hapana, kwa Kiswahili chetu na kwa picha.

Kuna mzazi atatuuliza: munataka kufundisha watoto wetu kufa? Hapana. Tunataka wajue kwamba chakula kile kingefika mu sahani zao, na kwamba kuna mtu alisema hapana juu yao, bila kuwajua. Na mzigo huo si wa mtoto kuubeba; unatuanzia sisi wakubwa. Ukimusomea Floribert mangaribi, halafu asubui unaiba kilo ku mizani, mtoto atafuata mizani.

Kurasa zingine tuko nazo sisi wenyewe. Shimo likianguka, kuna wachimbaji wanaorudi ndani kutafuta wenzao, na majembe, na mikono mitupu. Kuna mama anayelisha yatima wa jirani juu ya sombe yake ndogo. Walimu, muwaambie wanafunzi waandike habari za hao, kwanza wakiwaomba ruhusa.

Kila ekipi inaweza kuchanga kidogo, fotokopi kumi za Mbegu Ndogo zipelekwe ku masomo ya karibu. Na baba asiyejua kusoma asione haya: aketi, amuambie mtoto, "Nisomee." Mtoto akisoma kwa sauti, nyumba nzima inasikia.