Nafsi ya Kuazima

Kikao chetu cha Alhamisi kilipangiwa mada nyepesi: ngeli za nomino. Mwalimu alituomba kila mmoja alete kifungu kifupi chenye vimilikishi vingi, ili wanachama wanaojifunza Kiswahili wapate mazoezi. Mwenzetu mmoja, mtu wa Iringa, alileta habari ya tajiri mpumbavu kutoka Injili ya Luka, sura ya 12, katika tafsiri ya Union Version. Tulidhani nusu saa itatosha. Mlinzi alikuja kututoa chumbani saa nne usiku, na maneno yakaendelea kwenye kituo cha basi.

Habari yenyewe wengi wetu tunaijua tangu utotoni. Mtu mmoja katika umati anamwomba Yesu amwamuru ndugu yake wagawane urithi. Yesu anakataa kuwa mwamuzi wao (aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo cha kugawa shamba la marehemu atamwelewa) na badala yake anawasimulia juu ya tajiri ambaye shamba lake lilizaa kupita kiasi. Ghala hazitoshi. Tajiri anaamua kuzibomoa ajenge kubwa zaidi, kisha aiambie nafsi yake itulie na kustarehe, kwa kuwa akiba ya miaka mingi ipo. Usiku huohuo Mungu anamwita mpumbavu, na roho yake inatakiwa.

Tukaandika ubaoni kila kitu ambacho tajiri anakiita chake: mavuno yangu, ghala zangu, nafaka yangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Ulizuka ubishi mdogo kama iwe ghala zangu au maghala yangu; tuliuacha, maana pande zote mbili zilikuwa na haki. Aliyeona jambo lenyewe ni mwanafunzi Mwingereza wa mwaka wa pili. Alisema kwa taratibu, kama mtu anayeogopa kukosea, "Nafaka yangu, nafsi yangu. Ngeli moja." Sisi tuliokulia ndani ya lugha hatukuwa tumelisikia hilo. Hata masikioni maneno hayo mawili yanakaribiana. Tajiri anahesabu magunia yake, na nafsi inaingia mwishoni mwa hesabu kama gunia jingine, nayo imeandikwa jina la mwenyewe.

Ni hapo mwenzetu mwingine aliponyanyua mkono, na sauti yake haikuwa ya mazoezi ya sarufi. Yeye ni Mkenya, anasoma uhandisi, na usiku hufanya kazi kwenye ghala la vifurushi nje ya mji. Visa ya mwanafunzi hapa Uingereza inamruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, naye huzimaliza zote kwa zamu mbili za usiku, Ijumaa na Jumamosi. Sehemu kubwa ya mshahara huo ni ada ya mdogo wake wa kike na dawa za shinikizo la damu za mama yao. "Msinihubirie ghala," alisema. "Mimi ndiyo ninakolala."

Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Alikuwa na hoja. Yule tajiri hasemwi kuwa aliiba, wala kwamba alipunja vibarua au alitumia mizani ya uongo. Shamba lilizaa, basi. Kuna mahubiri mengi ambayo huifanya fedha yenyewe kuwa uchafu, na mara nyingi huhubiriwa kwa watu ambao wiki hiyo wameombwa nauli, ada na mchango wa msiba. Kwetu sisi mahubiri ya namna hiyo hayatoshi. Mtu anayetuma nyumbani nusu ya alichopata hawezi kuambiwa tu kwamba mali ni mavumbi. Mavumbi hayalipi ada.

Mmoja wetu anayesoma teolojia akamkumbusha Basili wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4 katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Basili alihubiri hotuba nzima juu ya ghala hizi hizi, naye hakuwa mtu wa maneno matupu, kwa kuwa njaa ilipolipiga eneo lake alisimamia mwenyewe ugawaji wa chakula. Kwake mkate uliofungiwa kabatini ni wa mwenye njaa tayari, na koti lililokunjwa sandukuni ni la aliye uchi. Kwa hesabu hiyo, ada ya yule binti wa Kisii haikuwa mali ya kaka yake hata siku aliyoipokea.

Mwenzetu alikubali, lakini akasema hilo silo linalomsumbua. Ada hulipwa mwanzoni mwa muhula. Dawa hazizidi pauni chache. Kinachobaki, alisema, hukitazama kwenye simu kabla ya kulala na anapoamka, na amegundua kwamba anapenda kukitazama. Kwanza aliweka akiba ya viatu, kisha ya kompyuta, sasa ni ya kiwanja Kitengela. Tangu Oktoba hajakanyaga kanisani, kwa sababu asubuhi ya Jumapili ndiyo usiku wake. Mama akipiga simu anakuta amelala, na akiamka yeye, mama amelala. "Tajiri aliiambia nafsi yake pumzika," alisema. "Mimi yangu naiambia subiri. Subiri nimalize kiwanja."

Kwa muda hakuna aliyezungumza. Wengi wetu tuna subiri yetu. Kuna wanaojenga nyumbani kidogo kidogo, chumba kwa chumba, nyumba ambayo mlinzi analala kwenye chumba kimoja na vilivyobaki vimefungwa kwa kufuli. Mwanachama wetu wa Lamu, ambaye ni Mwislamu na alikuwa amekaa kimya muda wote, akasema kwao vyumba vile vina utenzi wake. Alikuwa akisema juu ya Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inayotazama magofu ya Pate: majumba ya matajiri waliokuwa na taa na vyombo vya China, na sasa ndege wamelaza makinda kwenye vidaka vilivyopangwa sahani. Mshairi naye anazungumza na nafsi yake, ila anaiita moyo. William Hichens alipouchapisha utenzi huo London mwaka 1939 aliupa jina la Kiingereza lenye maana ya kuamka kwa nafsi. Tofauti ya wazungumzaji hawa wawili, alisema mwenzetu wa Lamu, ni kwamba tajiri wa Luka anaibembeleza nafsi ilale, na mshairi wa Pate anauvuta moyo wake shuka ili uamke. Nasi tuliona kwamba yule wa ghalani, kwa kukiri kwake tu, alikuwa ameshahamia upande wa Pate.

Mwalimu alikuwa bado na swali la lugha. Kwa nini mfasiri anaandika nafsi tajiri anaposema, na roho Mungu anapojibu? Katika Kigiriki neno ni moja mahali pote pawili, psyche. Kiswahili chetu kilipokea maneno mawili kutoka Kiarabu, na kwa karne nyingi kimeyapa kazi mbalimbali. Tulijaribu kubadilishana. Mtu hukata roho. Hakuna anayekata nafsi. Anayezungumza peke yake huzungumza na nafsi yake. Akizungumza na roho yake tutamtafutia daktari. Mfasiri alisikia vizuri, kwa maoni yetu: tajiri alikuwa akizungumza na kile anachodhani ni yeye, na kilichotakiwa usiku ule ni ile pumzi inayomfanya awe hai. Kisha mtu wa Iringa akatuchekesha tena kwa kutukumbusha kwamba mlafi huitwa mroho, na ulafi wake uroho. Roho ikila kupita kiasi inajiita yenyewe jina.

Lakini neno lililotukalisha hadi saa nne si nomino, ni kitenzi. Roho ya tajiri inatakiwa na nani? Kigiriki kinasema wao, bila kuwataja, na kitenzi chake ni kile cha kudai kilichotolewa kwa mtu kwa muda. Tukaulizana Kiswahili kingekuwa na neno gani kwa kitu hicho. Wa kwanza alisema mkopo. Wa pili, mama wa watoto watatu anayesoma shahada ya uzamili, alikataa kabisa. Fedha hukopwa, alisema, na anayekopa noti ya kumi hurudisha noti nyingine ya kumi. Lakini sufuria huazimwa. Ukiazima sufuria ya jirani kwa ajili ya harusi, unarudisha sufuria ileile, na ukiipasua huwezi kusema nimekuletea mchele badala yake.

Roho, basi, ni ya kuazima. Tulilijadili hilo kwa pande zote na hatukuweza kulipangua. Ndiyo maana katika Injili ya Mathayo, sura ya 16, Yesu anauliza mtu atatoa kitu gani kubadilishana na nafsi yake, na hangoji jibu. Tajiri angeweza kutoa ghala zote mbili, ya zamani na mpya, asiwe amerudisha alichopewa. Kosa lake halikuwa kuvuna. Aliweka chake na cha kuazima kwenye hesabu moja, kwa kimilikishi kimoja. Wala katika hesabu yote hiyo hakumtaja mtu mwingine hata mmoja, jirani, kibarua wala mke. Ameketi usiku akizungumza na nafsi yake tu.

Mwenzetu wa ghalani alinakili ile orodha ya ubaoni kwenye simu yake kabla haijafutwa. Wiki iliyofuata alitueleza kwamba amemwomba msimamizi wake amhamishie zamu ya Jumamosi iwe Jumanne. Kiwanja bado anakitaka, hakuficha hilo, na mama yake naye anakitaka. Msimamizi hajajibu. Akikubali, tatizo ni kwamba Jumatano mwenzetu ana somo la saa tatu asubuhi, naye akitoka ghalani hulala kama gogo. Amewaomba wanachama wampigie simu saa mbili na nusu. Zamu ya wapigaji imebandikwa kwenye ubao wa chama, chini ya zamu ya chai, na nafasi mbili bado ziko wazi.