Mpiga Ngoma Aliyefufua Santuri za Wenzake

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Na muziki nao ni mali. Huko Australia kuna santuri za roki ambazo zingebaki hadithi tu, lau si bidii ya watu wachache. Mmoja wao ni Gil Matthews, mpiga ngoma wa Melbourne.

Mnamo Januari 1972, katika shamba moja karibu na mji mdogo wa Sunbury, jimbo la Victoria, walikusanyika vijana zaidi ya 30,000. Bendi iliyotia fora ilikuwa ya Aztecs, mwimbaji wao Billy Thorpe, na nyuma yake, kwenye ngoma, ni huyo Matthews. Hapo kabla bendi nyingi za huko zilijipatia sifa kwa kuiga Waingereza na Wamarekani. Pale Sunbury umati uliwashangilia watu wa nyumbani, na sauti za siku zile zikatolewa katika santuri mwaka huo huo.

Mwenzao mwingine alikuwa Lobby Loyde, bingwa wa gitaa. Aliwahi kuwa katika Aztecs, na ndiye aliyemhimiza Thorpe naye ashike gitaa. Bendi yake, Coloured Balls, ilitoa santuri ya Ball Power mwaka 1973. Ilipendwa na vijana wa mitaani waitwao Sharpies. Basi magazeti yakaitwika bendi lawama ya magomvi ya vijana hao. Loyde alichoka, na mwaka 1974 bendi ikavunjika.

Kisha pakawa kimya. Makampuni huacha kuchapa santuri isiyouzika haraka. Nakala zilizosalia huwindwa na wakusanyaji, bei ikapanda kila mwaka. Lakini faida yote ni ya muuzaji; aliyetunga na aliyepiga hawaoni hata senti. Wapo pia wezi wanaochapa nakala kwa siri bila ya idhini ya mtu.

Katikati ya miaka ya 2000, Matthews na wenzake walianzisha kampuni ya Aztec Music ili kuzitoa upya santuri hizo kwa njia ya halali. Si kazi ya kunakili tu. Kwanza atafutwe mwenye haki, kisha utafutwe utepe wa asili. Tepu nyingi za miaka ya 1970 hunywa unyevu zikanata, na ukiupitisha utepe kwenye mashine hivyo hivyo, muziki hubanduka. Dawa yake ni kuuoka kwa moto mdogo, nyuzijoto 50 na kitu, kwa saa kadhaa, kisha kunakili upesi kabla haujanata tena. Matthews mwenyewe alikaa akizisafisha sauti za wenzake.

Na daftari halikusahauliwa. Kila albamu ilitiwa kijitabu: nani alipiga nini, lini na wapi. Vingi vya vijitabu hivyo viliandikwa na Ian McFarlane, mwanahistoria wa roki ya Australia.

Santuri ya Sunbury ilirudi mwaka 2005, Ball Power mwaka 2006. Na hapa ndipo penye uzito. Thorpe alifariki tarehe 28 Februari 2007, kwa ghafla, akiwa na umri wa miaka 60. Loyde akamfuata tarehe 21 Aprili mwaka huo huo, kwa saratani ya mapafu. Lau kazi ile ingecheleweshwa miaka miwili tu, wangeondoka bila ya kuziona kazi zao zikirudi madukani. Mwaka huo huo ilitolewa hata Beyond Morgia, kazi ya Loyde iliyorekodiwa 1976 ikalala miaka thelathini bila ya kusikiwa.

Kumsifu msanii kaburini ni rahisi, kwani marehemu hadai chochote. Matthews aliwaheshimu wenzake wangali wanasikia. Ewe msomaji, ikiwa u na santuri kuukuu kabatini na mwenyewe yu hai, usingoje matanga.