Yai moja, sababu haikuandikwa

Safari yangu ya Iramba, mkoani Singida, ilikuwa ya alizeti. Katika usharika mmoja wa Kilutheri, upande wa Kiomboi, mwinjilisti mstaafu akaniambia kwamba nikitaka kujua mwaka gani watu walipata na mwaka gani walikosa, yeye anayo kumbukumbu. Akaingia ndani, akatoka na kaunta buku lililofungwa kwa kipande cha khanga. Lilikuwa daftari la sadaka za shukrani.

Lina safu nne: tarehe, jina, kilichotolewa, sababu. Madebe mawili ya alizeti, mavuno mema. Jogoo, mtoto amefaulu darasa la saba. Shilingi 2,000, tumemzika baba salama. Kuku, ng'ombe wanne wamekufa, wawili wamebaki. Kisado cha uwele, mvua haikuja, tupo. Nilipekua nikitafuta mahali majonzi yalipoandikwa peke yake, sikupaona. Harusi na msiba vinafuatana mstari kwa mstari, na juu ya kila ukurasa kuna neno moja tu: Shukrani.

Ndipo nikafika kwenye mstari ambao sijaweza kuusahau. Yai 1. Sababu: kistari.

"Huyo mama alikuwa amezika mtoto wa pili ndani ya mwaka mmoja," mzee akasema, bila kulitazama daftari. "Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Akaja mezani, yai kalifunga kwenye upindo wa kitenge. Nikamwuliza kama ninavyowauliza wote, mama, shukrani ya nini? Akasema, andika shukrani. Nikarudia swali. Akaniambia, Mwalimu, ya nini usiniulize. Nikapiga kistari."

Aliyekulia kanisani anaujua mnada wa mavuno. Anayenunua kitu mara nyingi hakichukui. Anakirudisha mezani kiuzwe tena, Bwana apate zaidi. Yai lile lilianza kwa shilingi 500. Fundi baiskeli akalinunua, akalirudisha. Mwalimu wa shule akalinunua, akalirudisha. Kwaya ikachanga, ikalirudisha. Likazunguka mara saba, kutoka mkono hadi mkono, kila mtu akiogopa lisimvunjikie.

"Vigelegele vilikuwa vingi," anasema. "Kipaza sauti nilikishika mimi. Lilipofika elfu ishirini na mbili nikageuka kwenye mabenchi ya akina mama, nimwone anavyofurahi. Hayupo. Alishatoka. Kanisa zima tulibaki tunanadi yai lake, na hakuna aliyemfuata."

Nikamwuliza kama Mungu alitukuzwa siku ile. Alikaa kimya muda mrefu, akiviringisha kile kipande cha khanga kidoleni.

"Kwa nyimbo zetu? Sijui. Kwa yai lake, naamini ndiyo. Lakini usiandike kwamba alimshukuru Mungu kwa watoto kufa. Hakusema hivyo. Alikuja na uchungu wake mpaka mezani, hakuuacha nyumbani. Mimi ndiye niliyetaka auseme kwa maneno."

Tangu hapo, anasema, ameacha kuwaambia wafiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Imani yake haijapungua. Ameona tu kwamba anayelitamka neno hilo mara nyingi ndiye linayempumzisha.

Kanisa la huku limezoea hadithi za wokovu. Wamisionari wa kanisa la Kilutheri la Augustana kutoka Marekani walifanya kazi Iramba na Unyaturu tangu miaka ya 1920. Mwaka 1941 mke wa mmoja wao, Elmer Danielson, alikuwa njiani kumfuata mumewe Tanganyika na watoto wao sita, meli yao Zamzam ilipopigwa na Wajerumani katika Atlantiki ya Kusini, Aprili 17. Wote saba waliokoka. Nilipomtajia mzee habari hiyo alitikisa kichwa kwa furaha ya kweli, kisha akauliza, "Na ambao hawakutolewa majini, nao tuwaandike safu gani?" Sikuwa na jibu, naye hakulingoja.

Wapo siku hizi wahubiri wanaofunga spika mjini na kuwataka watu wapande mbegu ya fedha ili wavune mara mia. Hapa mzee alichangamka. "Mbegu naijua, mwanangu. Nimepanda alizeti maisha yangu yote. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, ikikata Februari umekwisha. Mbegu unaipanda, huidai. Sasa mtu akipanda fedha asivune, wanamwambia imani yake ndogo. Wanamwongezea msiba aliokuja nao."

Nilidhani basi anaogopa utajiri. Akanisahihisha kwa kufungua daftari lenyewe. Mwaka wa ukame shukrani zimejaza kurasa tano. Mwaka uliofuata, alizeti ilipokubali na bei ikawa nzuri, kurasa mbili, tena ya pili haikujaa. Watu walijenga, walinunua pikipiki, walilipa ada. Mambo mema yote, na mzee anayafurahia. "Ila aliyepata gunia thelathini anaamini ni jembe lake. Paulo alisema amejifunza kupungukiwa na amejifunza kuwa na vingi. Kupungukiwa tunafundishwa na kiangazi. Kuwa na vingi, nani anatufundisha hapa Singida?"

Nilitaka kuonana na yule mama. Mzee alikataa kunitajia hata kitongoji chake, na nadhani alifanya vyema. Aliniambia tu kwamba mama huyo bado anasali hapo, benchi la karibu na mlango, na kwamba yeye mwenyewe ilimchukua miezi minne kwenda kubisha hodi kwake. Alipofika alikaribishwa uji. Hawakuzungumza habari ya yai.

Kazi ya kuandika shukrani amekwisha kumkabidhi mwinjilisti kijana aliyempokea. Daftari jipya limenunuliwa, nililiona, lina safu zile zile nne. Agizo alilomwachia ni moja: mtu akitoa shukrani asiseme sababu, pigeni kistari, na mzee mmoja wa kanisa aondoke naye, mnada uendelee bila yeye.