Kumpeleka mzee Mbarara: pesa iende wapi kwanza

Watoto walioko ng'ambo wametuma hela, pamoja na ujumbe: mpelekeni koko Mbarara siku mbili tatu, apumzike, aone mji. Ni wazo zuri. Ila hela hiyo ni ya mara moja. Tangu Mei 2025, WFP ilipowaondoa wakimbizi wapatao milioni moja wa Uganda kwenye msaada wa chakula, nyumba nyingi za makazi ya wakimbizi ya Oruchinga na Nakivale zina matumizi mengine yanayoisubiri. Kwa hiyo ikitoka, itoke kwa hesabu.

Mpangilio wangu ni huu: nunua kiti kizuri kwanza, halafu chumba cha chini chenye choo cha kukaa, halafu chakula. Matembezi yanakuja mwisho kabisa. Wengi wanapanga kinyume: wanaanza na hifadhi na picha, kisha mzee anafika amevunjika mgongo, analala ghorofa ya pili, na kesho yake hataki kutoka kitandani. Hapo umelipia kila kitu na hujanunua mapumziko.

Kabla ya nauli, karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kutembea nchini, lakini ina nafasi ya masharti, na kibali kutoka ofisi ya makazi kinakuokolea maswali njiani. Kishughulikie siku kadhaa mapema, wala usimpange mzee kwenye foleni asubuhi ya safari. Mtu akikuomba hela ya kibali, omba risiti. Beba kitambulisho chenyewe, si picha ya kwenye simu, kwa sababu ambayo nitaifikia chini.

Sasa gari. Isingiro mjini mpaka Mbarara ni lami, na kinachommaliza mzee ni vumbi na mashimo ya kabla ya hapo. Boda ya kutoka kijijini mpaka pale magari yanapopakia inavumilika, kama mzee anapanda na kushuka mwenyewe. Boda ya mpaka Mbarara isahau, hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Gari dogo la kuchangia ndilo wengi wanalolichukua, na hapa ndipo penye bei iliyojificha. Gari limetengenezwa kwa watu watano. Litatoka na wanne nyuma, na wawili kwenye kiti kimoja cha mbele, mwenye nyonga ndogo akiwa katikati juu ya gia. Magoti ya mzee yanabanwa, mkoba uko mapajani, na kushuka kujisaidia ni mpaka watu wengine wawili washuke. Nauli uliyotajiwa ni ya nusu ya kiti, basi lipa mbili umnunulie mzee kiti cha mbele chote. Lisemwe kabla hajapanda, dereva mwenyewe akisikia, maana yule kijana anayepakia abiria atakubali lolote kisha abaki stendi. Na pesa itoke mkononi mkifika, si mwanzoni.

Taksi ya abiria 14 ina nafuu ya dari na hewa, lakini ngazi yake iko juu, na inangoja ijae. Saa mbili za kungoja juani nazo ni gharama, hata kama hakuna anayezidai. Ukiichagua, kataa kiti cha mlangoni, kwa sababu kila anayeshuka atamwinua mzee. Chukua cha mbele kando ya dereva.

Spesho, yaani kukodi gari zima, inaonekana ghali mpaka uandike hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, weka za siku yako. Tuseme kiti ni shilingi 10,000. Koko viti viwili, msindikizaji kimoja: 30,000. Boda mbili za kufika kwenye gari na mbili za kutoka paki ya taksi mjini hadi gesti: tuseme 10,000. Umeshafika 40,000 kwa safari ya kwenda tu. Dereva wa spesho akitaka 120,000, tafuta jirani mwenye mzee wake. Mkigawana ni 60,000 kwa nyumba, mlangoni hadi mlangoni. Hiyo 20,000 ya ziada imenunua kusimama mnapotaka, nafasi ya kigari cha magurudumu, na mguu wa mzee kutogusa boda hata mara moja. Kwa mzee wa fimbo, naona inalipa. Kwa mzee anayetembea vizuri, hailipi: chukua viti viwili vya mbele na hela iliyobaki ilale kwenye chumba.

Ila spesho ina maswali yake. Mafuta yamo ndani ya bei? Atachukua abiria wengine njiani? Wengi huchukua, na hapo umelipia gari zima ukapewa kiti. Kigari cha magurudumu juu ya gari kinahesabiwa kama mzigo? Na usilipe kwenda na kurudi kwa pamoja. Anayekwisha kulipwa hana haraka ya kukurudia.

Hela yenyewe inavuja kabla hujaondoka. Uganda inatoza kodi ya asilimia 0.5 kwa kila pesa unayoitoa kwenye simu. Kwenye 300,000 hiyo ni 1,500, na ada ya mtandao inakuja juu yake. Ada hupanda kwa ngazi, hivyo kutoa kidogo kidogo kwa kawaida kunakula zaidi kuliko kutoa mara moja. Kodi hiyo iko kwenye kutoa tu. Gesti au duka la dawa likikubali kulipwa moja kwa moja kwa namba ya mfanyabiashara, umeikwepa kihalali, na hutembei mjini na bunda mfukoni. Uliza kwanza kama mwenye duka anaongeza chake juu. Aliyeko ng'ambo naye aambiwe kuangalia kiasi cha shilingi kitakachofika huku, si ada ya kutuma peke yake, maana mara nyingi faida ya mtumaji pesa imejificha kwenye kiwango cha kubadilisha.

Malazi ndiyo sehemu ya kukaza macho. Katikati ya Mbarara, chini ni maduka na vyumba viko juu. Bei ni ndogo, paki iko karibu, lakini ngazi ni za saruji, nyembamba, mara nyingine hazina pa kushika, na muziki wa baa hauishi, hasa Ijumaa na Jumamosi. Mzee akipanda jioni hatashuka tena mpaka kesho, na wewe utapanda na kushuka na chai yake.

Gesti za pembeni, zile za ua wenye geti, na nyumba za wageni za makanisa, mara nyingi zina vyumba vya chini. Zinaweza kugharimu zaidi kwa usiku na zinaongeza boda moja au mbili kwa siku. Hata hivyo nachagua hizo bila kusita. Mzee anatoka nje mwenyewe, anaota jua, anaongea na watu, na hayo ndiyo mapumziko. Za kanisa huwa kimya, ila huenda geti likafungwa mapema na pombe hairuhusiwi. Kwa safari hii hakuna hasara.

Usilipie chumba ambacho hujakiona. Kwanza choo: cha kukaa au cha kuchuchumaa? Neno "self-container" ubaoni linakuambia choo kimo ndani, halikuambii cha aina gani. Kaa juu yake wewe mwenyewe uone kama hakichezi. Kanyaga sakafu ya bafu ikiwa na maji. Pima kizingiti cha mlango kwa fimbo ya mzee. Fungua bomba la maji ya moto uone kama linatoa au ni mapambo, na kama ni ya kuchemsha, uliza kama ndoo inalipiwa. Mbarara iko juu, mita zaidi ya 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku baridi inauma. Ulizia blanketi la pili, lete na sweta.

Halafu chai ya asubuhi. Bei ya chumba ina chai ya watu wawili au mmoja? Msindikizaji akilala chumba hicho hicho anaongezewa? Kutoka ni saa nne au saa tano? Majibu hayo yanaweza kufanya chumba cha bei ya juu kiwe rahisi kuliko cha jirani. Na kama Chuo Kikuu cha Mbarara kina mahafali wiki hiyo, vyumba hujaa na bei hupanda, sogeza tarehe.

Kwa nini usiku mbili na si mmoja? Usiku wa kwanza mzee anapona barabara. Ukimrudisha kesho yake, umelipia barabara mbili na hakuna kilicho katikati. Kama hela inatosha usiku mmoja tu, nenda usiku mmoja na ufute matembezi yote ya nje ya mji.

Chakula hakina haja ya hoteli kubwa. Matoke ya kupikwa kwa mvuke kwenye majani ni laini kwa mwenye meno machache, na sahani ya mchana kwenye vibanda vya soko kuu inashibisha. Tatizo la soko ni pa kukaa na choo, si chakula. Nunua uende nacho gesti. Jioni, nchi hii ni ya maziwa: kikombe cha moto na mkate kwenye duka la maziwa kinamtosha mzee, na ni bei ndogo kuliko soda na chipsi. Eshabwe, samli ile nyeupe ya Kinyankole, aionje kidogo kama ana presha. Ina chumvi.

Matembezi sasa. Mjini kwenyewe kuna sanamu ya ng'ombe wa pembe ndefu, maduka ya vitenge, na ibada ya Jumapili. Dereva mmoja wa kukodi kwa saa mbili anatosha, na mzee haondoki kwenye kiti ila anapotaka.

Igongo iko Biharwe, kama kilomita 12 kwenye barabara ya Masaka. Ina makumbusho ya maisha ya Ankole, vyungu vya maziwa na nyumba za zamani, pa kukaa na pa kula, na njia yote ni lami. Kwa mzee mfugaji, Mnyamulenge au Mnyarwanda aliyezeekea Oruchinga, hapa ndipo pa kuweka hela ya matembezi kama ipo ya pahali pamoja tu. Atawaeleza watoto yeye. Kiingilio ni kimoja na chakula ni kingine, na chakula cha pale ni cha bei ya wageni. Kuleni kabla, halafu mnywe chai pale. Karibu na hapo kuna mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua mwaka 1520, giza lililowafanya askari wa Bunyoro wakimbie na kuacha ng'ombe waliowateka Nkore. Uko kilimani, mwenye goti baya asimuliwe hadithi akiwa chini.

Ziwa Mburo ni zuri kweli, punda milia wanaonekana bila kushuka garini. Lakini hesabu yake ni ndefu: kiingilio cha kila mtu, cha gari, cha boti ukitaka boti, na dereva wa siku nzima, juu ya barabara ya vumbi kutoka lami mpaka ndani. Hifadhi inatoza kwa makundi, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo sana kuliko wageni wengine. Burundi na Rwanda wamo kwenye Jumuiya tangu 2007, Kongo tangu 2022. Ndiyo maana nimesema beba kitambulisho chenyewe, kinachoonyesha uraia. Piga simu getini uulize mwenye kitambulisho cha mkimbizi anawekwa kundi gani, kabla hujakodi gari. Ukisikia bei ya dola, achana nayo. Na hata kwa bei ya shilingi, nisingeenda na mzee mmoja: ni safari ya kuchangia gari watu wanne watano.

Wapo watakaosema, maadamu tuko Mbarara, apitie hospitali ya rufaa, au akapimwe macho Ruharo. Sawa, lakini iwe siku yake, yenye bajeti yake ya kadi, vipimo na dawa. Ikiingizwa kwenye mapumziko itakula hela yote na siku yote. Dawa za presha na sukari zitoke nyumbani, za siku mbili zaidi ya safari.

Msimu una bei pia. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mvua inageuza kipande cha vumbi kuwa tope na madereva wanapandisha nauli. Juni hadi Agosti barabara inapitika, ila kwa mwenye kifua vumbi ni baya: madirisha juu, kitambaa puani.

Ukishachagua gesti, mwombe jirani anayesema Runyankore apige simu aulize bei ya chumba cha chini, halafu wewe uulize tena siku ya pili. Weka arbuni ya usiku mmoja tu, upate ujumbe wa maandishi wenye jina la aliyepokea. Siku ya kurudi, fika paki asubuhi. Kuanzia alasiri magari ya kambini yanajaa polepole, yanaondoka jioni, na kile kipande kibaya cha barabara mnakipita gizani.