Kahawa ya Kikombe Kimoja: Tunalipia Kahawa au Kipimo?

Kuuza kahawa kikombe kimoja kimoja si jambo geni Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu. Muuza kahawa wa vichochoroni, mwenye dele lake juu ya makaa, ameifanya kazi hiyo tangu zamani: mteja hulipia kikombe kidogo cha kahawa tungu, hukinywa pale pale barazani, kisha kikombe kikasuuzwa na kupewa mwingine. Leo ana washindani wawili. Wa kwanza ni pakiti ndogo ya kahawa ya kuyeyuka inayoning'inia dukani, ya kutosha kikombe kimoja tu. Wa pili, kwa mwenye uwezo, ni mashine ya kapsuli, ambayo mtu huitia kidonge cha kahawa iliyosagwa, akabonyeza kitufe na kungoja. Watatu hawa wanatofautiana kwa bei na kwa ladha, ila wote wanamuuzia mnywaji kitu kimoja zaidi ya kahawa, nacho ni kipimo. Mwingine amekwisha kuamua kahawa kiasi gani kwa maji kiasi gani. Hoja ya makala hii ni kwamba kipimo hicho ni rahisi kukipata nyumbani, na kwamba fedha inayolipwa kwa ajili yake ingeleta faida kubwa zaidi kama ingewekwa kwenye buni bora na mahali pazuri pa kuzihifadhia.

Tuanze na biashara yenyewe. Kahawa ya kuyeyuka ya Nescafé iliingia sokoni mwaka 1938. Kahawa ya aina hiyo hupikwa kiwandani na kukaushwa, na katika kukaushwa harufu nyingi hupotea. Kapsuli ilikuja baadaye: Eric Favre, mhandisi wa Nestlé huko Uswisi, alisajili uvumbuzi wake mwaka 1976, na kampuni ya Nespresso ikaanzishwa mwaka 1986. Marekani, John Sylvan na Peter Dragone walianzisha kampuni ya Keurig mwaka 1992, na vikombe vyao vya K-Cup vikaingia maofisini mwaka 1998. Faida kubwa katika mpango huu haimo kwenye mashine. Mashine hununuliwa mara moja, lakini kapsuli hununuliwa kila siku. Kapsuli ndogo ya spreso hubeba takriban gramu 5 za kahawa. Kwa hiyo anayetaka kujua anacholipa achukue bei ya kapsuli moja aizidishe kwa 200: hiyo ndiyo bei yake ya kilo moja. Ailinganishe na bei ya kilo ya buni nzuri za Nyeri au Kirinyaga, na tofauti atakayoiona ndiyo gharama ya kupimiwa, kusagiwa na kufungiwa.

Je, kupima ni kazi ngumu kiasi cha kustahili gharama hiyo? Katika miaka ya 1950, mkemia Ernest Lockhart wa Marekani alichunguza uhusiano kati ya nguvu ya kahawa na kiasi kinachoyeyuka kutoka kwenye unga wake. Kutokana na kazi hiyo wapishi wa kahawa walipata mwongozo unaotumika hadi leo: kahawa hupendeza pale asilimia 18 hadi 22 ya uzito wa unga inapoingia majini. Ikipungua hapo, kikombe huwa kikali kwa uchachu na hakina utamu. Ikizidi, uchungu hutawala. Ili kufika hapo, lita moja ya maji hutiwa gramu 55 hadi 60 za kahawa, na maji yawe na joto la nyuzi 90 hadi 96. Kikombe kikubwa cha mililita 200 kinahitaji basi gramu 11 au 12. Mizani ndogo ya jikoni inatosha, na asiyekuwa nayo achague kijiko kimoja asikibadilishe. Joto nalo lina jambo la kuangaliwa hapa kwetu pwani. Nairobi, mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 94, hivyo yanafaa kutiwa yakiwa bado yanatokota. Lamu yanachemka kwa nyuzi 100, na mpishi inampasa ayaepue na kungoja kidogo kabla ya kuyamimina.

Baada ya kipimo yanakuja maji, nayo ndiyo sehemu kubwa ya kikombe, kwani kahawa ya kawaida ni maji kwa zaidi ya asilimia 98. Mji wa Lamu hutegemea maji ya visima vya matuta ya mchanga ya Shela, ambako maji baridi ya mvua hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Maji yenye chumvi huharibu kahawa yoyote, na yale yenye chokaa nyingi huzima uchachu mzuri unaoipa kahawa ya Kenya sifa yake. Maji ya mvua, kwa upande mwingine, hayana madini ya kutosha kuitoa ladha, na kikombe hupwaya. Mwenye maji ya kisima na ya mvua anaweza kuyachanganya hadi apate ladha inayomridhisha. Mashine haiwezi kumfanyia hivyo. Inapokea maji yoyote inayotiwa, na chokaa huganda ndani yake.

Mtetezi wa kapsuli ana hoja nzito kuhusu ubichi wa kahawa. Kahawa ikisagwa hupoteza harufu upesi, na hewa ya pwani yenye unyevu huiharibu mapema zaidi. Kapsuli iliyofungwa vizuri huilinda kwa miezi. Hilo ni kweli, na yeyote anayenunua kilo nzima ya unga akauacha kwenye mfuko wazi atashindwa na kapsuli. Lakini dawa yake inajulikana: kununua buni nzima zilizokaangwa karibuni, kidogo kidogo, kuziweka kwenye kopo lisilopitisha hewa, na kusaga za siku hiyo tu. Kisagio cha mkono kinatosha. Kinu na mchi pia vinafaa, ilimradi unga uchekechwe ili chenga na vumbi visichanganyike, maana vumbi hutoa uchungu wakati chenga hazijatoa kitu.

Wengine watasema kahawa tungu haina haja ya hesabu hizi, kwa kuwa huchemshwa muda mrefu na kutiwa viungo, na uchungu wake ndio unaotakiwa mbele ya tende na halua. Uchungu huo unastahili heshima, na vipimo havikuja kuuondoa. Vinasaidia kutenganisha kazi mbili. Tangawizi na mdalasini huhitaji kutokota ili vitoe nguvu zao, ilhali harufu ya kahawa hupaa na mvuke. Nyumbani basi mtu achemshe viungo kwanza, aepue, atie kahawa na iliki iliyopondwa, afunike dakika nne, kisha achuje. Akitaka uchungu zaidi aongeze kahawa au achague iliyokaangwa sana, lakini asiongeze muda wa moto. Atapata kahawa tungu ambayo bado ina harufu ya kahawa.

Inabaki hoja ya mazingira, na hapa haki itendeke. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Québec huko Chicoutimi walieleza kwamba kapsuli inaweza kuchafua hali ya hewa kidogo kuliko kahawa ya kuchuja, kwa sababu mtumiaji hapotezi kahawa wala hachemshi maji ya ziada. Ukiisoma kwa makini, hoja hiyo inamsifu anayepima. Anayepima nyumbani hupata faida ile ile bila taka. Na taka ina uzito wake kisiwani, kwa sababu kila kisichozikwa wala kuchomwa hapa lazima kivuke kwa chombo hadi Mokowe, upande wa bara, na kusafirishwa mbali. Lamu ndipo mafundi walipounda FlipFlopi, jahazi la taka za plastiki lililozinduliwa mwaka 2018, na watu wa mji uliotoa somo hilo wana sababu ya kufikiri kabla ya kuongeza aina nyingine ya taka.

Kenya huuza nje sehemu kubwa mno ya kahawa yake, zikiwemo aina za SL28 na SL34 zinazotafutwa na wakaangaji wa dunia nzima, na Wakenya wengi huijua kahawa kupitia pakiti ya kuyeyuka. Soko la kikombe kimoja, lilivyo sasa, linaizidisha hali hiyo, kwa kuwa fedha ya mnywaji inakwenda kwenye vifungashio. Anayetaka kikombe kimoja bila usumbufu amwendee muuza kahawa, ambaye hupima vizuri na haachi taka. Anayetaka kukipika mwenyewe anunue buni, mizani na kisagio. Gharama hiyo ni ya mara moja, ila buni, na kila shilingi anayoitoa kwa buni inamkaribia mkulima zaidi kuliko ile inayonunua kidonge.